Kidonda Hufungwa na Mwili: Hotuba kwa Wana Boda na Wachuuzi wa Busia

Hotuba hii ilitolewa kwenye mkutano wa afya wa waendesha boda boda na wachuuzi wa soko mjini Busia, upande wa Uganda. Tunaiweka hapa nzima kwa ajili ya waliokuwa kazini. Picha zilizooneshwa ukutani tumeziacha.

Mheshimiwa mwenyekiti wa LC, baraza letu la mtaa, wenyeviti wa stegi za boda, akina mama wa soko, wazee wetu, na nyinyi vijana mlioegemea pikipiki pale nje, sikio moja kwangu, jingine kwa abiria: hamjambo? Hamjambo tena? Asanteni.

Naomba kila mmoja atazame mguu wa jirani yake, pale kwenye shavu la mguu, chini ya goti. Nani hapa hana alama ya salensa, lile bomba la moshi la pikipiki? Wachache sana. Alama hiyo ilikuwa kidonda. Kwa mmoja kilifunga wiki mbili. Kwa mwingine kilikaa miezi mitatu kikitoa maji. Salensa ni ile ile, na aliyeungua ni binadamu yule yule. Kwa nini basi?

Jibu nalitoa mapema, ili hata atakayeitwa na abiria sasa hivi aondoke nalo. Dawa haifungi kidonda. Mwili ndio unaofunga. Daktari, muuguzi, mwenye duka la dawa, wote kazi yao ni moja: kuondoa kile kinachouzuia mwili. Kidonda kisipopona, usiulize kwanza "nipake nini?" Uliza "kinazuiwa na nini?"

Tazameni mwili unavyofanya. Dakika za kwanza damu inaganda. Kisha kwa siku tatu hadi tano mahali panavimba, panakuwa na joto, panauma. Wengi hapo hukimbilia antibayotiki. Ngoja kwanza. Uvimbe huo wa mwanzo ni chembe nyeupe za damu zimeingia kazini, zinakula bakteria na kuzoa nyama iliyokufa. Kuanzia siku ya tatu au ya nne, seli za kujenga zinatandaza nyuzi za kolajeni, ile protini inayoshikanisha nyama, na mishipa midogo ya damu inachipua. Ukichungulia kidonda unaona nyama nyekundu inayong'aa, ina vijichembe, ukiigusa kidogo inatoa damu. Hiyo ni nyama hai, iache. Utandu wa njano unaonata, au nyama nyeusi, hiyo imekufa, na ngozi haiwezi kutambaa juu yake. Wiki mbili hadi tatu, kidonda cha kawaida kimefunga.

Kimefunga, lakini hakijakomaa! Wiki ya kwanza kovu lina takriban asilimia 3 ya nguvu ya ngozi nzima. Wiki ya tatu, kama asilimia 30. Miezi mitatu, kama asilimia 80, na hapo ndipo linapoishia. Sasa kijana ameshonwa goti, wiki ya pili yuko barabarani na magunia mawili ya mahindi. Unategemea nini? Ndiyo maana nyuzi za usoni hutolewa siku ya tatu hadi ya tano, za kichwani siku ya saba hadi ya kumi, za mguu siku ya 10 hadi 14. Usijitolee mwenyewe kwa wembe eti panawasha.

Sasa tuje kwenye vizuizi. Naanza na kile tunachokiweka sisi wenyewe kwa mikono yetu.

Miaka ya 1530, vitani kaskazini mwa Italia, alikuwepo mpasuaji kijana wa jeshi la Ufaransa, jina lake Ambroise Paré. Mabingwa wa wakati ule walifundisha kwamba jeraha la risasi lina sumu ya baruti, hivyo limiminiwe mafuta yanayochemka. Siku moja mafuta yakamwishia na majeruhi bado wanaletwa. Akachanganya kiini cha yai, mafuta ya waridi na tapentaini, akawapaka waliobaki. Usiku hakupata usingizi, akiamini atawakuta maiti. Alfajiri akaamka kuwatazama. Waliopakwa mchanganyiko walikuwa wametulia, vidonda havikuvimba. Waliomiminiwa mafuta ya moto walikuwa na homa, wamevimba, wanalia. Akaapa hatamchoma tena majeruhi yeyote.

Mnacheka. Na sisi hapa tunamimina nini? Semeni kwa sauti! Asidi ya betri. Petroli. Mafuta ya taa. Majivu. Unga wa kahawa. Dawa ya meno kwenye kuungua. Kinyesi cha ng'ombe. Kapsuli za antibayotiki za rangi mbili zilizopasuliwa na kunyunyizwa. Basi tumtofautishe vipi mtu wetu na yule wa mafuta yanayochemka?

Asidi na petroli zinaua bakteria, ni kweli, na zinaua pia zile seli changa zinazojenga. Spiriti na haidrojeni paroksaidi ndani ya kidonda kila siku zinafanya vivyo hivyo: kila asubuhi unabomoa kilichojengwa usiku. Kinyesi na udongo vinaleta mbegu za pepopunda. Unga wa kapsuli unaganda juu, usaha unabaki chini, na bakteria wanapata nafasi ya kuizoea dawa. Dawa ya meno inafunika joto lisitoke.

Fanya hivi. Kinachovuja damu, kibonyeze kwa kitambaa safi dakika 10 ukitazama saa, bila kufunua kila mara kuchungulia. Ukifunua, unang'oa damu iliyokwisha ganda. Nawa mikono kwa sabuni. Kisha osha kidonda kwa maji safi mengi. Huna bomba? Chukua chupa ya maji, toboa tundu dogo kifunikoni, iminye. Ule mkondo unasukuma mchanga utoke. Nusu lita ni kidogo kwa mkwaruzo wa lami, ongeza. Kila kijiwe kinachobaki ndani ni maficho ya bakteria. Ukitaka maji ya chumvi, chemsha nusu lita, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kijiko cha bapa kisicho na kilima, acha yapoe. Kuungua kwa salensa: maji ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Dakika ishirini, si mbili, na si barafu. Umeng'atwa na mbwa? Sabuni na maji dakika 15, kisha kituo cha afya siku hiyo hiyo kwa sababu ya kichaa cha mbwa.

Kidonda kirefu kilichoachama, njoo nacho ndani ya saa 6. Ukija kesho yake, au kikiwa kichafu sana, huenda muuguzi akakisafisha na kukiacha wazi, akakwambia urudi siku ya tatu hadi ya tano kushonwa. Usimtukane, usiseme ananyima huduma. Kushona uchafu ndani ni kutengeneza jipu.

Na pepopunda. Akina mama, mkiwa wajawazito mlichanjwa kliniki. Wanaume, nani aliwahi kuwakumbusha? Mtu mzima asiye na chanjo anahitaji dozi tano: ya kwanza leo, ya pili baada ya wiki 4, ya tatu baada ya miezi 6, ya nne baada ya mwaka, ya tano baada ya mwaka mwingine. Kama ulizimaliza na sasa umepata kidonda kichafu, na dozi ya mwisho imepita miaka 5, unaongezewa moja. Tunzeni kadi. Kadi ya chanjo inakaa vizuri kwenye mfuko mmoja na leseni.

Kuna jambo jingine tunalolisema wote, na si kweli: "Acha wazi, kipigwe na hewa, kikauke." Mwaka 1962 mtafiti wa London, George Winter, alikata vidonda vidogo vyepesi kwenye ngozi za nguruwe. Vingine aliviacha wazi vikafanya kigaga, vingine akavifunika kwa utando wa plastiki vikabaki na unyevu. Vilivyofunikwa viliota ngozi kwa kasi kama mara mbili. Kwa nini? Ngozi mpya hutambaa juu ya unyevu. Kukiwa na kigaga kikavu, inalazimika kujichimbia njia chini yake. Kwa hiyo kidonda kisafi paka vaselini safi kidogo, weka gozi, kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda, funga. Badilisha kila siku moja au mbili, au mara kinapolowa. Nikisema unyevu sisemi tope: ngozi ya pembeni ikigeuka nyeupe na kunyauka, maji yamezidi, badilisha mapema zaidi.

Na gozi iliyoganda usiivute! Hapa ndipo uharibifu mkubwa hufanyika nyumbani. Unasikia ile "chrrr", damu inachuruzika, mtoto anapiga kelele, mama anasema uchafu umetoka. Haukutoka uchafu, mama. Ile ilikuwa ngozi changa ya siku nne. Lowesha gozi kwa maji ya chumvi dakika 5 hadi 10, itaachia yenyewe.

Asali? Najua mtauliza. Asali inasaidia, hata hospitali huitumia, lakini ile imesafishwa kwa mionzi. Ya chupa ya barabarani ina mabawa ya nyuki na vumbi la malori. Hiyo tia kwenye chai.

Twende kwenye sahani. Ndugu zangu, huu mwili unaojenga, unajenga kwa vifaa gani?

Mwaka 1939 daktari kijana wa upasuaji huko Boston, Marekani, John Crandon, aliamua kujifanyia jaribio. Akaacha kabisa kula chochote chenye vitamini C. Baada ya miezi mitatu alikatwa kidonda mgongoni: kikapona vizuri. Akaendelea. Miezi sita, akakatwa kingine. Siku 10 baadaye wakakifungua kutazama: juu ngozi imeungana, chini hakuna kilichoshikana, damu tupu imejaa. Wakampa vitamini C. Siku 10 nyingine, kikapona. Bila vitamini C kolajeni haikazi. Ni fundi anayepanga matofali bila saruji.

Miaka 200 kabla yake, kwenye safari ya merikebu za Kiingereza chini ya George Anson, iliyoanza mwaka 1740, mabaharia walikaa miezi bila tunda wala mboga. Miongoni mwao alikuwepo mzee aliyejeruhiwa vitani mwaka 1690. Kovu la miaka 50! Likafunguka upya kama jeraha la jana. Sasa mnaelewa? Kovu halijengwi mara moja likaisha. Mwili unalikarabati kila siku, maisha yote, na vifaa vinatoka kwenye sahani.

Vitamini C kwetu si shida, mapera yanaoza chini ya miti. Pera moja au mawili kwa siku yanatosha na kuzidi. Chungwa pia. Mboga za majani, dodo na nakati, zina vitamini hiyo, ila mkizichemsha nusu saa mnaimaliza. Dakika chache zinatosha. Shida yetu ni protini. Mwenye kidonda kikubwa anahitaji gramu 1.25 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya mwili wake kwa siku. Mwenye kilo 60, hizo ni gramu 75 hadi 90. Tuhesabu pamoja. Mayai mawili, 12. Vikombe viwili vya maharage yaliyopikwa, 30. Vikombe viwili vya maziwa, 16. Konzi ya karanga, 7. Na mukene mkavu, wale dagaa wa ziwani wa Majanji, gramu 30 tu, unaongeza kama 15. Jumla? Themanini. Bila nyama! Sasa linganisheni na yule aliyelazwa wodini analetewa posho, yaani ugali, na mchuzi mwepesi asubuhi na jioni, na soda, kwa sababu "mgonjwa anapenda soda". Posho lake linamshibisha, sawa, lakini kidonda kinakaa na njaa. Wenye ugonjwa wa figo muulizeni kwanza daktari wenu, kwao hesabu ni tofauti.

Sasa kizuizi kinachonitisha kuliko vyote, kwa sababu hakiumi.

Miaka ya 1940 na 1950, huko Vellore, India, daktari Paul Brand alikuwa akitibu watu wenye ukoma. Dunia nzima iliamini nyama ya mwenye ukoma inaoza, ndiyo maana vidole vinapukutika. Brand akafunika vidonda vya nyayo kwa plasta ngumu, mguu usigandamizwe. Vikapona! Kwa kasi ya mtu mwingine yeyote. Nyama ilikuwa nzima. Kilichokufa ni mishipa ya fahamu, basi mtu akakanyaga msumari na kuendelea kutembea. Lakini wengine walilala na vidole kamili wakaamka na pungufu. Wakakesha kuchunguza. Panya! Panya walikuwa wakitafuna vidole usiku na mwenyewe hasikii. Kuanzia hapo, mgonjwa aliyeruhusiwa kurudi nyumbani aliondoka na paka.

Hata hapa kwetu Uganda, kwenye hospitali ya ukoma ya Buluba, daktari Wanda Błeńska kutoka Poland alifika mwaka 1951 akakaa zaidi ya miaka 40 akihudumia watu wenye ukoma.

Kwa nini nawasumbua na ukoma leo? Kwa sababu ugonjwa unaoua fahamu za miguu sasa umehamia mjini, nao ni kisukari. Sukari ikikaa juu miaka, unyayo unakufa ganzi. Mishipa ya damu inasinyaa, oksijeni na chakula havifiki. Chembe nyeupe zinakuwa nzito, bakteria wanatamba. Vitatu kwa pamoja. Mtu anavaa kiatu chenye kijiwe asubuhi na kukivua jioni na damu kwenye soksi, na hakusikia kitu. Halafu anapaka dawa miezi minne, huku kila hatua anayopiga inakikanyaga kidonda kile kile. Unapaka nini hapo? Kitakachokiponya ni kutokikanyaga, na kushusha sukari.

Kwa hiyo mwenye kisukari atazame nyayo kila jioni, kati ya vidole pia, kwa kioo kama hawezi kuinama, au mjukuu amtazamie. Aingize mkono ndani ya kiatu kabla ya mguu. Maji ya kuoga apime kwa kiwiko. Asitembee peku, hata uani. Na kidonda kidogo cha unyayo ni safari ya kituo cha afya kesho asubuhi. Na wewe usiyejijua: kidonda kimekataa, unakojoa usiku mara nne, kiu haiishi? Pima. Sukari ya kufunga, ile inayopimwa asubuhi kabla ya kula, ikiwa 7 mmol/L na kuendelea, hiyo inahitaji kurudiwa na kushughulikiwa.

Vizuizi vingine navipita haraka. Sigara: nikotini inabana mishipa na moshi unanyang'anya damu oksijeni, anayengoja upasuaji aache angalau wiki 4 kabla. Upungufu wa damu, selimundu, virusi vya Ukimwi visivyotibiwa, vidonge vya steroidi vya muda mrefu: mwambie muuguzi, usifiche. Kidonda cha shavu la mguu kinachovimba kila jioni: ukikaa, inua mguu juu kuliko moyo.

Na mawazo, jamani. Mwaka 1998 watafiti wa Ohio, Marekani, waliwatoboa wanafunzi 11 wa udaktari wa meno kidonda kidogo kwenye kaakaa, mara moja wakati wa likizo, mara moja siku tatu kabla ya mtihani. Vya wakati wa mtihani vilichelewa kwa asilimia 40, kwa wote, bila hata mmoja kubaki nje. Mtihani tu! Na wewe una mkopo wa pikipiki, unalala kwa muda wa saa nne tu kila usiku. Mkuu wa stegi, mwenye mshono akiomba wiki moja ya mapumziko bila kufutwa kwenye orodha, mpeni. Mnapunguza gharama, hamumpi zawadi.

Namalizia na kidonda kimoja chenye jina la Uganda. Mwaka 1897 Albert Cook, daktari wa hospitali ya Mengo, Kampala, aliandika kuhusu vidonda vya ajabu. Miaka ya 1960 vikaonekana kwa wingi kando ya Naili, kaunti ya Buruli, leo Nakasongola, na sasa dunia nzima inauita ugonjwa huo Buruli. Huanza kama kivimbe kigumu kisichouma. Kinapasuka, kingo zake zimechimbika chini kwa chini, kidonda ni kikubwa kuliko unavyokiona. Na hakiumi! Bakteria wake hutoa sumu inayoua nyama, inayonyong'onyesha kinga na kuziba maumivu. Mtu anasema, "Hakiniumi, kwa nini niache biashara?" Dawa ipo, rifampisini pamoja na klarithromisini kwa wiki 8, na ukiwahi huhitaji kukatwa nyama.

Basi njooni lini? Maumivu yanayoongezeka baada ya siku ya tatu badala ya kupungua. Wekundu unaotanuka: chora mpaka wake kwa kalamu, ukivuka mstari, njoo. Mstari mwekundu unaopanda mguu, homa, usaha, harufu. Taya linalokaza, huko ni mbio, usingoje asubuhi. Na kidonda chochote, kinauma au hakiumi, kilichofika wiki 4 bila kupungua upana. Kipime kwa rula kila Jumapili na uandike. Macho hudanganya, rula haidanganyi.

Meza ya kupima sukari iko pale upande wa kushoto, ya chanjo ya pepopunda iko mlangoni. Waliopita miaka 40 watangulie kwenye sukari. Vijana wa boda, nyinyi anzeni mlangoni, na kadi mtakayopewa msiitie kwenye mfuko wa suruali ikafuliwa. Maswali tutayapokea foleni ikiendelea.